Mikebe Miwili ya Mama

Mjukuu wangu Akinyi alikuja Jumamosi iliyopita kuniomba takataka. Ndivyo alivyosema mwenyewe akiwa bado mlangoni, akiniita Dani, yaani nyanya: "Dani, nipe takataka zako." Alitaka vifuniko vya chupa, magunzi ya mahindi, makopo, vipande vya leso, kila kitu ambacho mtu mwenye akili zake angetia motoni. Akinyi ni mwalimu wa chekechea, na si mwalimu wa kubahatisha. Amesomea. Cheti chake kiko kwenye fremu ukutani kwangu, si kwa mama yake, kwangu mimi niliyeishia darasa la nne. Mgeni akija lazima akione kwanza ndipo nimpe chai.

Basi akaanza kupekua chini ya kitanda changu, mara nikasikia bati likigonga sakafu. Alipotoka kule alikuwa na mikebe miwili mkononi, mmoja mfupi mnene, mwingine mrefu mwembamba. Akafungua ule mrefu na kunusa. "Aih, Dani! Hiki kitu kiliwekwa nini?"

Harufu ya omena haifi. Mkebe umekaa miaka mingi bila kuguswa, umeoshwa kwa sabuni na majivu, umeanikwa juani, na bado ukifungua kifuniko unasimama ufukweni saa mbili asubuhi, nyavu kuukuu zimetandazwa mchangani, samaki wadogo wanang'aa kama sindano, na wewe una kijiti mkononi unafukuza kunguru. Nilimwambia Akinyi akae chini. Nilichomweleza yeye ndicho ninachowaeleza ninyi wa rika langu, mliojifunza kuandika kwa kidole kwenye mchanga na mnajua ninachosema.

Mama yangu alikuwa akiuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu. Alizinunua zikiwa mbichi mitumbwi ilipofika, akazianika, kisha siku ya soko akazibeba kwa karai kichwani, mimi nikimfuata na mikebe. Ile mikebe haikulingana mwanzoni. Mfupi ulikuwa wa mafuta ya kupikia, mrefu ulikuwa wa biskuti za wazungu, na mrefu ulikuwa unabeba zaidi. Mama akaupeleka ule mrefu kwa fundi wa mabati pale sokoni. Nilikuwepo. Fundi anakata ukingo kidogo, Mama anajaza mkebe mfupi omena, anamimina kwenye mrefu, zinapungua, anasema, "Kata tena." Fundi anakata. Mama anamimina. "Kata tena, kidogo tu." Mpaka omena za mkebe mfupi zikajaza mrefu mpaka mdomoni bila hata samaki mmoja kubaki au kumwagika.

Mtauliza, mikebe miwili ya nini kama inabeba sawa? Ni kwa sababu ya watu. Kuna mteja anayependa urefu na kuna mteja anayependa unene. Ukimwekea mpenda urefu mkebe mnene anaona umemwibia, hata ukiapa. Mama hakutaka kelele. Aliweka yote miwili mbele yake, kila mtu akachagua wake, wote wakaondoka wamefurahi, na hakuna aliyepunjwa.

Na mimi alinifundisha kazi mapema, kwa sababu alipokwenda kutafuta maji au kunyonyesha, mimi ndiye nilikaa na karai. Aliniambia hivi: mteja akiuliza upi ni mkubwa, mwambie ukweli, ni sawa. Lakini akiuliza mara ya pili, ujue ameshachagua moyoni. Anataka umkubalie tu. Mkubalie. Hutamwibia, atapata zilezile. Mtoto habishani na mtu mzima juu ya kitu ambacho ameshakichagua. Basi nikajua. Nilikuwa hodari wa kusoma uso wa mtu. Mteja akiinama na kuuliza tena, "Kweli ni sawa? Huu mrefu si mkubwa?" mimi nilikuwa tayari nimeshika ule mrefu.

Siku hizohizo ndipo nilipopelekwa chekechea. Ilikuwa kwenye nyumba ya udongo ya kanisa upande wa Nyamasaria, mabati juu, sakafu ya samadi iliyopakwa kila Ijumaa. Mwalimu wetu aliitwa Nyambura. Mume wake alikuwa mtu wa Nyeri aliyeleta viazi na kabichi Kisumu, naye akamfuata. Dholuo, lugha yetu, alijua maneno ya salamu tu, kwa hiyo alituongelesha Kiswahili. Wengi walikaa wakimkodolea macho. Mimi nilijibu, maana Kiswahili nilikiokota sokoni pamoja na mambo mengine.

Mwalimu Nyambura alikuwa mwalimu wa ajabu. Kwanza hakuchapa. Jambo hilo lilitutia wasiwasi sana, tukafikiri labda hajapewa ruhusa. Pili, alikuwa akiuliza vitu ambavyo mtu mzima yeyote anavijua. Anatutoa nje, anauliza, "Mkitembea, jua linawafuata?" Anaokota jiwe, anauliza, "Hili jiwe lina uhai?" Halafu kila tunachosema anakiandika kwenye daftari lake la jalada jeusi. Kumbe alikuwa amekwenda kwenye mafunzo Nairobi, akafundishwa jinsi akili ya mtoto inavyokua, na alikuwa anatuangalia kama vile tunavyoangalia kifaranga kinachotoka kwenye yai. Mimi sikujua. Mimi nilimhurumia. Nilifikiri kwao hakuna mawe. Nilimwambia Mama jioni, "Mwalimu wetu hajui vitu vingi, lakini tunamsaidia." Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Mwaka ulipokaribia kwisha, neno likaja kwamba shule ya msingi ya karibu ina nafasi ishirini tu darasa la kwanza, na sisi tulikuwa zaidi ya thelathini. Mwalimu Nyambura ndiye angesema nani yuko tayari. Nyumbani jambo lilikuwa wazi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, Atieno, na alisema mbele yangu bila kuficha, "Ukiingia darasa la kwanza mwaka huu, nitamtafuta mtu wa kumshika Atieno. Usipoingia, wewe ndiye utamshika." Nilijua maana yake. Wasichana walioshikishwa watoto niliwaona kila siku kule kwetu. Walibaki hivyohivyo mpaka wakaolewa.

Siku yenyewe tuliitwa mmoja mmoja kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Mwalimu alikaa kwenye meza, daftari limefunguliwa. Mbele yake glasi mbili za kunywea zilizolingana, na chupa moja ndefu, nyembamba. Maji aliyatia wino kidogo yakawa ya buluu. Mimi nilidhani ni dawa ya minyoo na nikafunga mdomo.

"Adhiambo, usiogope, hunywi," akasema. "Tazama hizi glasi. Maji ni sawa?"

Niliinama mpaka jicho langu likalingana na maji, kama Mama anavyofanya. "Ni sawa, Mwalimu."

Akachukua glasi moja akaimimina yote kwenye chupa. Maji yakapanda juu, buluu ndefu. "Na sasa? Ipi ina maji mengi? Ama bado ni sawa?"

"Ni sawa."

Nilisema hivyo bila kufikiri. Nilikuwa nimeona mambo hayo mara mia. Lakini Mwalimu hakuandika. Aliinua kalamu, akanitazama, akainamisha kichwa upande. Sasa najua alitaka kuhakikisha tu kwamba sikubahatisha. Wakati ule niliona kitu kingine kabisa. Niliona mteja.

"Hebu angalia tena vizuri," akasema. "Ipi ina maji mengi?"

Ndiyo hiyo. Mara ya pili. Nikamtazama usoni, nikaona anataka ile ndefu.

"Ile ndefu, Mwalimu," nikasema, na nikatabasamu kama nilivyofundishwa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu imeenda juu."

"Haya, asante, Adhiambo." Akaandika.

Nilitoka pale nimevimba kifua. Asante! Mteja akisema asante ujue umeuza. Nilirudi nyumbani nikiruka mashimo barabarani, nikamwambia Mama nimejibu kila kitu vizuri, na Mwalimu amefurahi sana.

Ijumaa majina yalisomwa. Wazazi walisimama nje, Mwalimu akasoma polepole kutoka kwenye karatasi. Mama alikuwa na Atieno mgongoni. Jina la mwisho, la ishirini, lilikuwa la Achieng, binti wa jirani yetu mjane, mtoto mdogo mwenye kamasi ambaye hata kufunga mbuzi kulimshinda. Halafu Mwalimu akakunja karatasi. Mimi nilisubiri akunjue tena. Nilidhani kuna upande wa pili.

Mama alinishika mkono tukaenda nyumbani. Tulipofika alinisimamisha mbele ya jiko. "Alikuuliza nini?"

Nikamweleza. Glasi, chupa, maji ya buluu.

"Ulimwambia nini?"

"Sawa. Halafu akauliza tena, nikamwambia ile ndefu."

Mama akakaa chini pale pale kwenye vumbi na leso yake safi ya kanisani.

Jumatatu hakwenda ufukweni. Alichukua karai, akaweka omena kidogo na ile mikebe yote miwili, akanishika mkono, tukaenda. Mwalimu Nyambura alikuwa anafagia.

"Karibu, Mama Adhiambo."

"Asante, Mwalimu." Mama akatua karai. "Mtoto yangu ilikosa nini?"

"Hakukosa kitu, Mama. Ni umri tu. Unajua akili ya mtoto inapanda kama ngazi. Akiwa mdogo, akiona kitu kirefu anafikiri ni kingi. Bado hawezi kushika kwamba maji ni yaleyale. Mwaka ujao atashika, na yeye mwenyewe atashangaa."

"Nani alisema hivyo?"

"Wataalamu. Wazungu wamechunguza watoto miaka mingi."

"Walichunguza watoto ya nani?"

"Nafikiri watoto wao."

"Hao watoto wanauza omena?"

Mwalimu akacheka. Mama hakucheka, basi naye akaacha.

Mama alipiga magoti, akajaza mkebe mfupi, akaupangusa juu kwa kiganja, akamimina kwenye mrefu mpaka ukajaa. Akarudisha kwenye mfupi. Alifanya hivyo mara mbili. Mwisho zikabaki kwenye ule mrefu, akajaza na ule mfupi kutoka kwa karai.

"Adhiambo, kuja hapa. Upi kubwa?"

"Ni sawa."

"Nakuuliza tena. Upi kubwa?"

Nikamtazama usoni. Mama akapiga mkebe kwa kofi mpaka omena zikaruka. "Wacha kuangalia uso yangu! Angalia omena!"

Nikaangalia omena. "Ni sawa, Mama. Mmoja ni mrefu, mwingine ni mnene. Fundi aliukata."

Mwalimu Nyambura aliweka ufagio chini. "Adhiambo. Kwa nini basi uliniambia chupa ndefu?"

"Si uliniuliza mara ya pili?"

"Eeh?"

"Nilifikiri umeipenda."

Nakumbuka alikaa kwenye kile kigoda cha watoto, magoti yake yakafika kidevuni. Alikaa hivyo, mkono mdomoni. Mimi nilifikiri tumbo linamuuma. Mama ndiye alimweleza mambo ya wateja, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Mpaka nikaona anaeleza kama mtu anayejishtaki.

"Orodha nimeshaipeleka kwa mwalimu mkuu," Mwalimu akasema mwishowe. "Viti ni ishirini. Lakini naweza kwenda leo. Naweza kumtoa wa mwisho nimweke Adhiambo. Achieng ni mdogo, anaweza kungoja."

Niliona kiti changu. Niliona mtu mwingine kabisa amembeba Atieno.

Mama aliuliza, "Achieng alisema nini juu ya hiyo maji?"

"Alisema ni sawa."

"Na ukamuuliza tena?"

"Nikamuuliza tena. Akasema, 'Mwalimu, nimeshakwambia.'"

Mama aliguna. Kisha akaanza kukusanya omena zilizoruka, moja moja, kutoka sakafuni. Alipozirudisha zote kwenye karai akasema, "Basi huyo alijibu. Mwache akae. Hii yangu ilijibu vile mimi nilimfundisha. Hiyo ni kosa yangu, si ya mtoto ya yule mjane."

"Mama Adhiambo..."

"Mwache, Mwalimu."

Mimi nililia. Nililia pale, nikalia njiani, nikalia mpaka tukafika mahali barabara inapogeukia ziwa. Hapo Mama alisimama, karai kichwani, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kuanzia leo, ukijua kitu, hata mtu akikuuliza mara mia, hata kama ni mimi, jibu ni lile lile. Wateja nitawajibu mwenyewe." Na tangu siku hiyo hakunikalisha tena kwenye karai peke yangu.

Nilikaa mwaka mzima na Atieno. Lakini Mwalimu Nyambura alituma neno kwamba nije asubuhi, hata na mtoto mgongoni, na nilikuja. Atieno alilala kwenye gunia kona ya darasa. Na darasa lenyewe lilikuwa limegeuka. Zile glasi na chupa sikuziona tena mezani mbele ya mtoto mmoja aliyeitwa kama mshtakiwa. Alileta makopo ya kila aina, akaleta mchanga wa ziwani, akatuambia tufungue soko. Wengine wanauza, wengine wananunua, kesho wanabadilishana. Yeye alikaa chini na daftari lake jeusi. Aliuliza mara moja tu. Mtoto akisema kopo refu ndilo kubwa, hakumkatalia wala hakumuuliza tena; alimsogezea makopo, akasema, "Haya, mimina." Siku za soko tulimwona Kibuye pia, amesimama karibu na Mama, anatazama watoto wa wauzaji jinsi wanavyopima. Mama alizoea mpaka akawa anampa kigoda. "Mwanafunzi wangu amekuja," alisema, na wanawake wengine wa omena wakacheka, na Mwalimu akacheka pia.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka uliofuata. Nilisoma vizuri, sisemi uongo. Lakini nilipofika la nne Baba alizama ziwani, na nyumba ikahitaji mikono, na mikono iliyokuwa mikubwa ya kutosha ilikuwa yangu. Watu huniambia mwaka mmoja si kitu. Labda. Mimi najua kwamba wale waliokuwa la tano mwaka ule, ambako nami ningekuwa, walimu waliwafuata nyumbani kuwabembeleza wazazi, maana walishaanza kuandaliwa kwa mtihani. Wa la nne hakuna aliyetufuata. Silii. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Achieng alimaliza. Akawa nesi. Mama yake Akinyi alipokuwa na uchungu wa kumzaa siku mbili na mtoto amekaa vibaya tumboni, ni Achieng aliyekuwa zamu, na wenzake walipomwambia hakuna la kufanya ila kungoja, aliwaambia hapana, akaulizwa tena, akasema hapana tena, mpaka daktari akaitwa. Mikono ya kwanza kumshika mjukuu wangu ni ya yule mtoto mwenye kamasi. Mama yangu alikuwa hai bado. Alipoambiwa, alisema tu, "Si alishajibu," akaendelea kuchambua mboga.

Nilipomaliza kumweleza Akinyi haya yote, chai ilikuwa imepoa. Alikaa na ile mikebe magotini. Alisema hayo mambo ya kuuliza mara ya pili waliyagusa chuoni, kwamba mtoto anaweza kubadilisha jibu kwa sababu ya mtu mzima na si kwa sababu ya maji. Nikamwambia, vizuri, waambie chuoni kwamba hapa Nyamasaria tulijua zamani, na tulilipa karo.

Mtoto wake, Awino, ana miaka mitatu na nusu. Alikuwa amekaa mlangoni anapanga vifuniko. Akinyi hakuweza kujizuia. Ualimu ni ugonjwa. Alimwita, akajaza mkebe mfupi maharagwe, akamimina yote kwenye mrefu, akajaza tena ule mfupi. "Awino, upi una maharagwe mengi?"

"Huu," akasema Awino, kidole kwenye mrefu.

Nikamwona mjukuu wangu anafungua mdomo. Nikakohoa. Akanitazama, akafunga mdomo. Kisha akasogeza mikebe yote miwili mbele ya mtoto na kukunja mikono.

Awino alimimina. Maharagwe yakaanguka, akayaokota. Akamimina tena upande wa pili, akachungulia ndani, akaingiza mkono, akamimina tena. Tulikaa pale wanawake wawili wazima tukimtazama, chai baridi kati yetu, na kwa muda wote ule hakuinua macho kututazama hata mara moja.